Mkataba wa kutunza siri kazini: unakufunga kwa kiasi gani?

Swali: Shikamoo Mheshimiwa Wakili. Mimi ni ofisa manunuzi katika kiwanda kimoja cha kuchakata samaki hapa Mwanza na nina miaka saba kazini. Wiki hii uongozi umetugawia makubaliano ya kutunza siri yenye kurasa sita, yote kwa Kiingereza, na tumeambiwa tuyasaini kabla ya Ijumaa ijayo au tuandike barua ya kuacha kazi. Yanasema kwamba kila nilichokifahamu nikiwa kazini ni siri ya kampuni milele. Kwamba nikiondoka nisifanye kazi na kampuni yoyote ya samaki Kanda ya Ziwa kwa miaka mitatu. Kwamba nisimtajie mtu mshahara wangu. Kwamba nisizungumze na mamlaka yoyote bila kibali cha maandishi. Na kwamba nikikiuka lolote nitalipa shilingi milioni 50. Je, hii ni haki? Na nikisaini, sheria itanishika? Msomaji, Ilemela.

Jibu: Marahaba, ndugu msomaji. Umeuliza maswali mawili, nami nitayatenganisha, kwa kuwa sharti laweza kuwa la haki na bado likashindwa mahakamani kwa sababu liliandikwa vibaya, na sharti la uonevu laweza kumzuia mtu miaka mingi kwa sababu tu hakuna aliyewahi kulipinga. Msimamo wangu ni huu: mwajiri wako ana haki ya kulinda siri zake za kweli, na kwa hizo ukisaini utabanwa kisheria. Hana haki ya kuugeuza ujuzi wako kuwa mali yake, wala ya kukufunga mdomo mbele ya vyombo vya nchi, na masharti ya namna hiyo yana nafasi ndogo sana ya kusimama hata yakiwa na saini yako.

Nianze na upande wa mwajiri, maana wengi wanaoletewa karatasi kama hizi huziona zote kuwa dhuluma, na hilo si kweli. Wewe unaijua biashara ya sangara kuliko mimi. Bei ambayo kiwanda kimepanga kuwalipa mawakala kesho asubuhi, kiasi ambacho kila wakala amekopeshwa kwa ajili ya nyavu, injini, mafuta na barafu, majina ya wanunuzi wa minofu walioko ng'ambo na masharti waliyokubaliana nao, na hasa bei za mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki, ambayo kwa kilo huuzwa ghali kuliko mnofu wenyewe, hizo zote ni taarifa zenye thamani. Zikimfikia mshindani usiku, asubuhi anaongeza shilingi kidogo kwa kila kilo na mitumbwi inageuza njia, na hasara hiyo humwangukia mwenye kiwanda pamoja na wenzako wanaolipwa kwa siku pale kwenye meza za kukatia minofu. Kumtaka mfanyakazi asizitoe taarifa hizo si uonevu. Tena, hata pasipokuwa na karatasi yoyote, mfanyakazi ana wajibu wa uaminifu kwa mwajiri wake muda wote anapokuwa kazini, hivyo anayedhani kwamba asiyesaini yuko huru kusambaza bei za kiwanda anajidanganya.

Tatizo linaanzia kwenye maneno "kila nilichokifahamu." Sheria haiihesabu taarifa kuwa siri kwa sababu tu mwajiri ameiita siri. Kipimo kinachotajwa mara kwa mara katika nchi zinazofuata sheria ya mapokeo ya Uingereza, yaani kanuni zilizojengwa na hukumu za mahakama, kilitolewa mwaka 1968 katika shauri la Coco dhidi ya Clark, nacho kina mambo matatu: taarifa yenyewe iwe na sifa ya usiri, maana yake isiwe jambo linalojulikana na kila mtu, iwe imetolewa katika mazingira yanayoonyesha kwamba mpokeaji alipaswa kuitunza, na iwe imetumika bila idhini. Bei ya samaki iliyokwisha kutajwa kwa sauti pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na kusikiwa na wachukuzi na wanunuzi wote, haiwezi kurudi kuwa siri kwa kuandikwa katika ukurasa wa pili wa mkataba.

Shauri lililo karibu zaidi na hali yako linahusu biashara ya kuku. Katika shauri la Faccenda Chicken dhidi ya Fowler, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza katika miaka ya 1980, meneja wa mauzo aliondoka katika kampuni iliyouza kuku kwa kuwapelekea wateja kwa magari yenye majokofu, akaanzisha biashara ya namna hiyo hiyo, na baadhi ya wenzake wakamfuata. Kampuni ilidai kwamba majina ya wateja, njia za magari, siku za kupeleka mzigo na bei vilikuwa siri zake. Mahakama ilikataa. Ilieleza kwamba kuna taarifa zilizo wazi au ndogo mno zisizolindwa kabisa. Kuna taarifa ambazo mfanyakazi anapaswa kuzitunza akiwa bado kazini lakini ambazo, akiondoka, zinakuwa sehemu ya uzoefu wake. Na kuna siri za biashara hasa, ambazo wajibu wa kuzitunza unaendelea hata baada ya ajira kwisha. Hukumu hiyo haizilazimishi mahakama zetu. Sheria yetu inaruhusu kutumika kwa kanuni za mapokeo zilizokuwapo Uingereza tarehe 22 Julai 1920, kadiri mazingira ya nchi yanavyoruhusu, na hukumu za baadaye zinaweza kuzishawishi tu mahakama zetu. Hata hivyo mgawanyo ule wa mafungu matatu una busara, na ndio ninaokushauri uutumie kuusoma mkataba wako mstari kwa mstari.

Ukiutumia utaona haraka kipi ni cha kampuni na kipi ni chako. Ujuzi wa kufunua shavu la samaki na kujua amekaa saa ngapi bila barafu, wa kujua ni msimu gani visiwa vya Ukerewe vinaleta samaki wakubwa, wa kuzungumza na wakala aliyekasirika hadi akakubali kupakua mzigo, huo umeupata kwa miaka saba ya kuamka alfajiri. Umekuwa sehemu yako. Mwajiri aliulipia kila mwezi kwa kukutumia, hakuununua. Kuuita ujuzi huo siri ya kampuni "milele" ni kusema kwamba ukiondoka pale usitumie akili yako tena, na sijui mahakama inayoheshimu haki ya kufanya kazi iliyowekwa na Ibara ya 22 ya Katiba ambayo itakubali tafsiri hiyo kirahisi. Aidha, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwamba makubaliano ambayo maana yake haiko wazi na haiwezi kufanywa iwe wazi ni batili, na neno "kila" lisilo na mpaka linamweka mwajiri mwenyewe katika hatari ya kupoteza hata kile alichokuwa na haki ya kukilinda.

Sharti la miaka mitatu nalichukulia kuwa zito kuliko yote, ingawa limewekwa ndani ya hati inayojiita ya siri. Hilo ni zuio la kufanya kazi, na zuio la kazi lina kanuni zake. Ni kanuni za zamani kuliko ile tarehe ya mwaka 1920. Mwaka 1894, katika shauri la Nordenfelt, majaji wa Baraza la Mabwana, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, walikubali zuio la miaka 25 lililohusu karibu dunia nzima, lakini aliyezuiwa alikuwa mwenye kiwanda cha silaha aliyekiuza kwa pauni 287,500 na kuahidi kutoshindana na wanunuzi. Mwaka 1916, katika shauri la Herbert Morris dhidi ya Saxelby, aliyezuiwa alikuwa mhandisi wa kawaida, kwa miaka saba, na mahakama hiyo hiyo ilikataa, kwa maelezo kwamba mwajiri anaweza kulinda siri zake na uhusiano wake na wateja lakini hawezi kujilinda dhidi ya ushindani wenyewe, wala dhidi ya ustadi ambao mfanyakazi ameupata. Kinachoangaliwa ni kama zuio linalinda jambo halali, kama muda na eneo lake havizidi kinachohitajika kulilinda jambo hilo, na kama halidhuru masilahi ya umma.

Sasa pima sharti lako kwa vipimo hivyo. Bei za manunuzi hubadilika kila wiki, pengine kila siku, kwa hiyo siri uliyonayo leo itakuwa imechakaa kabla ya robo mwaka kwisha. Miaka mitatu inalinda nini? Na kuhusu eneo, mwajiri anaweza kudai kwamba Kanda ya Ziwa ni sehemu tu ya nchi na kwamba unaweza kwenda kwingine. Dai hilo lina udhaifu ulio wazi. Viwanda vya sangara viko Mwanza, Musoma na Bukoba kwa sababu sangara yuko ziwani, na ofisa manunuzi wa sangara anayefukuzwa kwenye ufukwe huu hana kiwanda cha aina hiyo kinachomsubiri Dodoma wala Iringa. Zuio hilo, kwa mtu wa kazi yako, ni zuio la nchi nzima. Lingekuwa la miezi mitatu hadi sita, likahusu wanunuzi wa ng'ambo ambao wewe binafsi uliwahudumia, na likaambatana na malipo kwa kipindi unachokaa bila kazi, ningekuambia ulifikirie kwa uzito. Jinsi lilivyo, ningelipinga.

Kuhusu mshahara nitasema machache. Mshahara ni habari yako kama ilivyo ya mwajiri. Katiba katika Ibara ya 23 inatoa haki ya ujira unaolingana na kazi bila ubaguzi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, ukiwamo wa malipo. Mwanamke anayelipwa pungufu ya mwanamume kwa kazi ile ile hawezi kulijua hilo ikiwa wote wamefungwa midomo, na chama cha wafanyakazi hakiwezi kujadiliana kuhusu viwango ambavyo wanachama wake hawaruhusiwi kuvitaja. Mwajiri ana haki ya kumtaka ofisa rasilimali watu asitoe orodha ya mishahara ya watu wote. Kukuzuia wewe kuutaja wako ni jambo jingine kabisa.

Sharti la kutozungumza na mamlaka linanisumbua zaidi, na nakuomba ulisome mara mbili. Sheria ya Ajira inasema wazi kwamba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi kwamba ametoa taarifa ambayo sheria hiyo au nyingine yoyote inampa haki au wajibu wa kuitoa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtaka kila mtu anayefahamu kutendeka kwa kosa la rushwa aijulishe TAKUKURU. Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Mkataba wa watu wawili hauwezi kufuta wajibu uliowekwa na Bunge, na makubaliano yenye lengo la kuikwepa sheria ni batili. Ikiwa kiwanda kinapokea sangara walio chini ya sentimita 50, au kuna anayepokea bahasha ili mzigo upite bila kukaguliwa, au mitambo ya ubaridi inavuja gesi na wenzako wanazimia, hiyo siyo siri ya biashara. Watu wazima wa ufukwe huu wanakumbuka mwaka 1999, pale Umoja wa Ulaya uliposimamisha samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya taarifa za uvuvi wa sumu. Viwanda vilikosa soko, na wavuvi ambao hawakuwahi kugusa sumu walikosa chakula. Mfanyakazi anayeweza kuripoti mapema anaikinga kampuni yake pia, na ninatamani waajiri wote wa sekta hii walione hilo. Lakini elewa mpaka wake: ulinzi huo unamhusu anayepeleka taarifa kwa nia njema mahali panapostahili. Anayezirusha nyaraka za kampuni kwenye kundi la WhatsApp la mtaa asitegemee kwamba sheria itasimama upande wake kwa namna ile ile.

Na ile milioni 50? Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema kwamba pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, aliyeathirika anastahili fidia inayofaa isiyozidi kiasi hicho. Maana yake ni kwamba milioni 50 ni kilele cha fidia na haimaanishi kwamba ndiyo utakayolipa. Mahakama itapima fidia inayofaa kwa mazingira ya shauri, na hati inayotoza kiasi kile kile kwa kutaja mshahara na kwa kuuza orodha ya wanunuzi inaonyesha yenyewe kwamba aliyeiandika hakupima hasara, alitaka kutisha. Wala mwajiri hawezi kujikatia fedha hizo kwenye mshahara wako. Makato ya kufidia hasara yana masharti katika Sheria ya Ajira: uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kwa kosa lako ukiwa kazini, uelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yako ya fedha.

Utaniuliza, je, kwa kuwa mnalazimishwa, hati yote si batili? Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba kinataka ridhaa huru, na kuambiwa "saini au uache kazi" kunaleta hoja ya shinikizo. Iko pia hoja kwamba mfanyakazi wa miaka saba anayeongezewa mzigo mpya bila kupewa chochote hajapata badala ya alichokitoa. Zote mbili ni hoja za kweli, lakini nakuonya usizitegemee peke yake. Mwajiri atajibu kwamba ulikuwa mtu mzima, ulipewa siku kadhaa za kusoma, ukaendelea kupokea mshahara baada ya kusaini, na huenda akasikilizwa. Vilevile mahakama inaweza kuliondoa sharti baya likiwa linatenganishika na kuyaacha mengine yakufunge. Ndiyo maana ninapinga ule ushauri wa vijiweni wa "saini tu, haina nguvu." Kabla hati haijatamkwa kuwa batili, mwajiri anaweza kuiomba mahakama zuio la muda likusimamishe kazi mpya, na vigezo vya zuio hilo, vinavyotoka katika shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969, havisubiri ushahidi wote usikilizwe: inatosha kuwapo kwa suala zito la kuamuliwa, hatari ya hasara isiyofidika kwa fedha, na mizani ya usumbufu kumwelemea mwombaji. Unaweza kushinda shauri mwishoni na ukawa umekwisha kuikosa kazi uliyoitiwa.

Hivyo, kabla ya Ijumaa, usiandike barua ya kuacha kazi. Hili nalisema kwa mkazo. Anayejiuzulu hujitwika mzigo wa kuthibitisha kwamba mwajiri ndiye aliyeifanya ajira isivumilike, wakati anayeachishwa kazi humwachia mwajiri kazi ya kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Badala yake mwandikie meneja rasilimali watu barua ya heshima ukisema kwamba uko tayari kuzitunza siri za kampuni, kwamba unaomba hati hiyo kwa Kiswahili, na kwamba unaomba wiki mbili za kupata ushauri. Ombi la lugha lina msingi: sheria inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya ajira yake anaelezwa kwa namna anayoielewa, na maelezo hayo yakibadilishwa inamtaka ashauriane naye. Mkiandika pamoja, mkiwa maofisa kadhaa au kupitia tawi la chama chenu, barua itasomwa kwa makini zaidi.

Usiishie kwenye kulalamika, pendekeza maneno. Unaweza kuandika hivi: "Mfanyakazi hatamfunulia mtu asiyehusika bei za manunuzi ambazo hazijatangazwa, mikopo ya mawakala, wala majina na masharti ya wanunuzi wa nje, akiwa kazini na kwa miezi kumi na miwili baada ya kuondoka. Sharti hili halihusu taarifa zilizo wazi kwa umma, ujuzi wa jumla wa kazi, wala taarifa zinazotolewa kwa mamlaka za serikali, mahakama, chama cha wafanyakazi au mshauri wa kisheria." Mwajiri mwenye nia ya kulinda biashara yake ataona kwamba amepata alichokihitaji, tena kwa maneno yanayoweza kutetewa.

Ikiwa atakataa na ukaona huwezi kuipoteza kazi kwa sasa, saini, lakini siku hiyo hiyo peleka barua inayosema umesaini kwa kuwa uliambiwa vinginevyo utaondolewa, na taja masharti usiyoyakubali. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakati huo wote usinakili chochote. Mwaka 1895, katika shauri la Robb dhidi ya Green, meneja aliyenakili majina ya wateja kutoka kwenye kitabu cha bwana wake ili ayatumie baadaye alishindwa, ingawa hakukuwa na sharti la maandishi lililomkataza. Jina la wakala unayemkumbuka kichwani ni jambo moja. Faili la mawakala ulilojitumia kwa simu usiku ni jambo jingine, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, faili la namna hiyo linaweza kukuletea shauri tofauti kabisa na la mkataba.

Ukiachishwa kazi kwa kukataa, mlango wa kwanza ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi wanaiita CMA, nayo ina ofisi hapa Mwanza. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa kwa fomu namba 1 ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ya kazi hupewa siku 60. Ukichelewa utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kila siku iliyopita, kwa hiyo barua ya kuachishwa ikifika mkononi, andika juu yake tarehe uliyoipokea.